Mafuta Yasiyo Mafuta: Silinda Kuu ya Breki na Kazi ya Mwenye Gari Nyumbani

Historia ya motokaa imezoea kuanzia kwenye injini. Wavumbuzi husifiwa kwa kulifanya gari liende, na ni wachache wanaokumbukwa kwa kulifanya lisimame. Hata hao wachache hutajwa kama wenye viwanda, watu wa hati za uvumbuzi na hisa, ilhali breki, kuliko sehemu nyingine yoyote ya gari, imetengenezwa na kurekebishwa na mikono ya watu wasio na kiwanda: mwenye gari mwenyewe, jirani yake, fundi wa chini ya mwembe. Mfano wa kwanza unaojulikana ni wa zamani sawa na motokaa yenyewe.

Mnamo Agosti 1888 Bertha Benz, mke wa Carl Benz, aliondoka Mannheim pamoja na wanawe wawili, Eugen na Richard, akashika njia ya Pforzheim alikoishi mama yake. Mumewe hakuwa ameambiwa. Kwenda tu kulikuwa mwendo wa kilomita mia moja na kidogo, na gari la magurudumu matatu halikuwa limewahi kujaribiwa kwa umbali wa namna hiyo. Breki zake zilikuwa vipande vya mti vilivyokandamizwa juu ya magurudumu kwa wenzo wa mkono. Miteremko ikavila vipande hivyo, basi katika kijiji cha Bauschlott Bertha akamwomba mshona viatu apigilie ngozi juu yake. Vitabu vingi husimulia kisa hiki kama kichekesho cha safarini. Kwa kweli ndiyo bitana ya kwanza ya breki katika historia ya gari, nayo iliwekwa kando ya njia, kwa agizo la mtumiaji, na fundi ambaye kazi yake ilikuwa viatu.

Miaka michache baadaye, huko Derbyshire nchini Uingereza, Herbert Frood alianza mwaka 1897 kutengeneza vipande vya breki vya kuuza. Husimuliwa kwamba alipata wazo kwa kuwaona wachukuzi wakizuia mikokoteni yao mteremkoni kwa viatu vikuukuu. Jina la kampuni yake, Ferodo, ni herufi za jina lake zilizopanguliwa na kuongezewa moja. Msomaji asidhani kwamba usemi “kiatu cha breki” umetokana na simulizi hilo. Ni tafsiri tu ya neno la Kiingereza lililokwisha kutumika kwa mikokoteni kabla ya Frood. Lakini ni Frood aliyeingiza katika bitana zake nyuzi za asbesto, kwa kuwa hazikuungua, na jambo hilo litarejewa hapa chini, maana waliolilipia si wenye kiwanda peke yao.

Kwa muda mrefu nguvu ya mguu ilipelekwa kwenye magurudumu kwa vyuma au kwa kamba za waya. Kasoro yake inaeleweka na kila aliyewahi kupanda baiskeli yenye breki mbili: kamba moja hulegea kabla ya nyingine. Katika gari lenye magurudumu manne, kulegea huko humaanisha kwamba gari linaposimamishwa ghafla hukimbilia upande mmoja. Mwenye gari alilazimika kukaza na kulegeza nati kila baada ya muda, akitafuta usawa ambao haukudumu.

Dawa ilitoka kwa Malcolm Loughead, Mmarekani aliyekuwa ameanzisha kampuni ya ndege pamoja na ndugu yake Allan. Kwa kuwa watu walishindwa kulisoma jina lao kama lilivyotamkwa, ndugu hao walianza kuliandika Lockheed. Malcolm alipata hati ya uvumbuzi wa breki za kimiminiko mwaka 1917, na mwaka 1919 aliziacha ndege ili ashughulikie breki peke yake, katika mji wa Detroit. Kanuni yenyewe si yake. Blaise Pascal alikuwa ameieleza katika karne ya 17: kimiminiko kilichofungiwa husambaza msukumo sawasawa pande zote. Dereva akisukuma pistoni moja ndogo, msukumo ule ule huzifikia pistoni za magurudumu yote manne kwa mara moja, na hakuna tena kamba ya kulegea. Gari la Duesenberg lilikuwa nazo mwaka 1921. Chrysler ya mwaka 1924 ilizifikisha kwa watu wa kipato cha kati. Wahandisi wa Chrysler ndio walioondoa vikombe vya ngozi vilivyovuja wakaweka vya mpira. Henry Ford alibaki na vyuma vyake mpaka modeli za 1939, na ukaidi huo haukuwa wa kipumbavu kabisa, kwa sababu chuma kikikatika huonekana, lakini mpira ndani ya silinda huchakaa gizani.

Hapo ndipo suala la lugha linapoingia. Vimiminiko vya kwanza vya breki vilitengenezwa kwa mafuta ya mbarika, yaani nyonyo, yaliyochanganywa na alkoholi. Yalikuwa mafuta kweli, ya mmea unaojiotea nyuma ya nyumba katika sehemu nyingi za Kongo, na yalichaguliwa kwa sababu hayakuudhuru mpira wa asili. Baadaye yakaachwa. Kimiminiko kinachotumika sasa katika magari mengi kimetokana na glikoli, nacho si mafuta kwa maana yoyote ambayo mpishi au mekanika angeikubali: huchanganyika na maji, hunyonya unyevu wa hewani, hubabua rangi ya gari. Lakini Kiswahili husema “mafuta ya breki”, na Kifaransa cha gereji nacho husema huile de frein, ijapokuwa vitabu huandika liquide de frein. Jina limebaki na kitu kimebadilika.

Kwa kawaida kupitwa kwa jina na kitu chake ni jambo la kumfurahisha mwanaisimu tu. Gari, ambalo jina lake lilitoka katika lugha za Bara Hindi, liliitwa hivyo wakati bado ni mkokoteni, wala hakuna aliyeumia. Katika habari ya breki, mambo ni tofauti. Mtu anayeona chombo kimepungua, na anayeamini kwamba kilichomo ni mafuta, atatafuta mafuta mengine. Ataongeza ya injini, au ya usukani. Mafuta ya madini huingia ndani ya mpira wa vikombe na kuufanya uvimbe na kulainika kama mkate uliotiwa chai. Kwa siku chache breki huonekana nzuri, hata ngumu kuliko kwanza, kwa sababu mpira uliovimba umejaza silinda. Kisha vikombe hunasa, magurudumu hukamatwa yenyewe, au kanyagio huenda mpaka chini bila kupata kitu. Ajali ya namna hii haina kosa la ufundi wala la uzembe. Chanzo chake ni neno. Wafaransa wa zamani walioita kimiminiko hicho lockheed, kwa jina la mvumbuzi, walikuwa na usalama zaidi bila kujua, maana jina lisilo na maana halimdanganyi mtu.

Gari ambalo historia hii yote imekusanyika ndani yake ni Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo. Kwanza ilikuwa na breki za kamba. Ile ya kuuzwa nje ya Ujerumani ilipewa breki za kimiminiko mwaka 1950, ilhali modeli ya bei nafuu kwa Wajerumani wenyewe iliendelea na kamba hadi mwaka 1962. Kwa Kongo njia yake ilikuwa wazi, kwani nchini Ubelgiji kampuni ya D’Ieteren iliziunganisha gari hizo tangu mwaka 1954. Injini iliyopozwa kwa hewa haikudai maji, na yeyote aliyekuwa na spana chache, bisibisi na jeki aliweza kulifungua gari karibu lote.

Breki zake zilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa, ambao ulikuwa wa karibu magari yote ya wakati huo. Silinda kuu, ile inayosukumwa na kanyagio, ilikuwa na chumba kimoja tu. Bomba moja likipasuka, au kikombe kimoja kikachanika, magurudumu yote manne hupoteza breki kwa pamoja, na dereva hubakiwa na breki ya mkono. Watengenezaji walijua. Cadillac na American Motors waliweka silinda ya vyumba viwili katika magari yao mwaka 1962. Volkswagen za soko la Marekani ziliipata katika modeli za 1967. Na tangu tarehe 1 Januari 1968 sheria ya Marekani ililazimisha magari mapya ya abiria yawe nayo. Ni vigumu kutoona kwamba chumba cha pili kiliwekwa kwanza mahali palipotungwa sheria. Gari zilizokwisha kuuzwa kwingineko ziliendelea na chumba chao kimoja, zikiuzwa na kuuzwa tena, na hatari ikahama pamoja nazo kutoka mwenye gari wa kwanza hadi wa tano.

Je, nani anayestahili kuigusa sehemu ambayo uhai wa watu unaitegemea hivyo? Viwanda vilijibu siku zote kwamba ni karakana yao peke yake. Jibu hilo lilipata upinzani wa maandishi. Nchini Ufaransa, Revue Technique Automobile ilianza kutolewa mwaka 1946, ikichambua gari moja baada ya jingine, bolti kwa bolti. Iliandikwa kwa ajili ya mafundi lakini watu binafsi wakainunua. Nchini Uingereza John Haynes alitoa kitabu chake cha kwanza cha mwenye gari mwaka 1966. Mwaka 1969 Mmarekani John Muir alitoa kitabu kinachohusu Volkswagen tu, kwa lugha ya mazungumzo, akimwelekeza mtu ambaye hakuwahi kushika spana. Waandishi hao hawakukubaliana juu ya mambo mengi, lakini wote walimruhusu msomaji wao aifungue breki.

Nchini Kongo ruhusa hiyo haikungoja vitabu. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa raia wa Zaïre. Wengi waliopewa maduka hawakuwa na mtaji wala uhusiano na waagizaji wa ng’ambo, na mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanza kuporomoka, ikapunguza fedha za kigeni zilizonunulia kila kitu kutoka nje. Vipuri vikawa adimu. Uporaji wa mwaka 1991, ulioanzia Kinshasa mwezi wa Septemba na kuifikia Lubumbashi mwezi wa Oktoba, ulimaliza sehemu ya maghala yaliyokuwa yamesalia. Kwa mwenye gari, swali la kama anastahili kuigusa silinda yake lilikuwa la anasa. Aliigusa, au gari lilikaa juu ya mawe.

Wengine huiita hali hiyo ustadi wa Waafrika wa kujitafutia, na husifu pasipo kipimo. Sifa hiyo yataka tahadhari. Ustadi wa kweli katika kazi hii ni kujua kisichowezekana. Kikombe cha silinda kuu hakiwezi kukatwa kutoka mpira wa ndani wa gurudumu, kwa kuwa kazi yake hufanywa na ukingo mwembamba uliofinyangwa, ambao msukumo wenyewe huufungua na kuukandamiza kwenye ukuta wa silinda. Kipande bapa hakina ukingo huo. Kadhalika, ukuta uliotobolewa na kutu hausalimiki kwa kikombe kipya: kutu ile hukila kama jiwe la kunolea. Kikombe hubadilishwa peke yake endapo ukuta ni laini na unang’aa. Vinginevyo silinda nzima hutupwa.

Dalili za silinda kuu iliyochoka ni mbili, nazo huchanganywa mno. Ya kwanza: gari limesimama, mguu umekandamiza kanyagio bila kuongeza nguvu, na kanyagio linashuka polepole, ilhali chombo hakipungui wala hakuna tone popote. Hapo kikombe cha mbele kimechakaa na kimiminiko kinarudi nyuma yake. Ya pili: chombo kinapungua na unyevu unaonekana kwenye fimbo ya kanyagio. Hapo ni kikombe cha nyuma. Kanyagio linaloyumba kama sifongo ni jambo jingine, ni hewa ndani ya mabomba, na kununua silinda mpya kwa ajili yake ni kutupa fedha.

Kazi yenyewe katika Volkswagen yenye usukani upande wa kushoto huanza kwa kuziba magurudumu ya nyuma kwa mawe, kuinua upande wa mbele, kuweka magogo imara chini yake, maana jeki si ya kuaminiwa na mtu aliyelala chini ya gari, kisha kutoa gurudumu la mbele la kushoto. Silinda huonekana ndani, nyuma ya kanyagio, imeshikwa na bolti mbili. Kimiminiko kilichomo katika chombo hufyonzwa kwanza, na matambara hutandazwa, kwa sababu tone moja likikaa juu ya rangi huondoka nayo. Nati za mabomba ndizo zinazowashinda wengi. Zimekaa miaka katika unyevu, na spana iliyo wazi huzizungusha pembe zake hadi ziwe duara. Spana inayozishika karibu pande zote, pamoja na mafuta ya kulainisha kutu yaliyowekwa tangu jana yake, huokoa bomba. Swichi za taa za breki huhamishiwa silinda mpya.

Kuna kipimo kimoja ambacho kikipuuzwa huharibu kazi yote. Kati ya fimbo ya kanyagio na pistoni lazima ibaki nafasi ya takriban milimita 1. Sababu yake ni tundu dogo ndani ya silinda, mbele kidogo ya kikombe kilichotulia, ambalo huunganisha chumba na chombo cha juu. Breki zikipata moto kimiminiko hutanuka, na ziada hupanda kupitia tundu hilo. Fimbo ikimsukuma pistoni hata kidogo, kikombe huliziba tundu, ziada hukosa njia, na viatu huanza kukwaruza ngoma bila mguu wa mtu. Joto huongezeka, kimiminiko hutanuka zaidi, mpaka gari linasimama lenyewe njiani. Dereva husema breki zimefunga. Fundi asiyejua atafungua magurudumu yote manne akitafuta kosa ambalo liko kwenye nati ya fimbo.

Ngoma zikifunguliwa kwa sababu hiyo au nyingine, vumbi lililomo halifai kupulizwa kwa mdomo wala kwa pampu. Bitana za zamani zilikuwa na asbesto, na nyuzi zake huingia mapafuni zisitoke tena. Maradhi huonekana baada ya makumi ya miaka. Ufaransa ilipiga marufuku asbesto mwaka 1997, Jumuiya ya Ulaya nzima mwaka 2005, lakini gari la mwaka 1965 halijui marufuku hizo. Kitambaa kilicholoweshwa maji chatosha, na hutupwa kingali kibichi.

Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili, na ndiyo inayoifanya iwe shughuli ya lupango zima. Mmoja hukaa ndani, mara nyingi mtoto wa nyumbani. Mwingine yuko chini na mpira mwembamba uliotumbukizwa katika chupa yenye kimiminiko. Huanzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda, nyuma kulia, kisha nyuma kushoto, mbele kulia, na mwisho mbele kushoto. Kanyaga. Shikilia. Nati hufunguliwa, viputo hutoka, nati hufungwa. Achilia. Amri ya tatu ikitangulia kufungwa kwa nati, hewa yote iliyotolewa hunyonywa upya, na ugomvi huanza.

Kilichotoka hakirudishwi katika chombo, hata kikionekana safi. Kimiminiko cha daraja la DOT 3 lazima kihimili joto lisilopungua nyuzi 205 kabla ya kuchemka kikiwa kipya, lakini nyuzi 140 tu kikishanyonya maji. Cha DOT 4 ni 230 na 155. Mjini Lubumbashi, penye barabara tambarare, tofauti hiyo inaweza kufichika kwa miaka. Anayeshuka kutoka Bukavu kwenda Uvira kupitia mteremko wa Ngomo huikuta katika saa moja: kimiminiko kilichochoka huchemka karibu na ngoma, mvuke hujaa mabombani, na mvuke, tofauti na kimiminiko, hukubali kubanwa. Kanyagio huzama. Mizigo ikipozwa kivulini kwa nusu saa, breki hurudi, na dereva humwambia fundi kwamba hazina ubaya.

Kazi ikiisha, mguu hukandamiza kanyagio kwa dakika moja nzima na mtu mwingine akiangalia kila nati. Kisha gari husogezwa ndani ya lupango kwa mwendo wa mtu anayetembea, husimamishwa mara tatu au nne, mkono ukiwa juu ya breki ya mkono. Huachwa lilale hivyo. Asubuhi, kabla ya jua kukausha kitu, kipande cha karatasi kilichowekwa chini ya silinda tangu jioni huvutwa na kutazamwa.